Mwili wa Mtoto ni Tarehe ya Kuzaliwa Kwake

Katika kufunga mashindano ya vijana yaliyochezwa hapa kwetu Kirua Vunjo, mgeni rasmi, ambaye ni mwalimu wa kandanda mwenye sifa zake huko mjini na ambaye jina lake nalihifadhi kwa kuzistahi mvi zake, alisimama mbele ya wazazi, walimu na watoto wenyewe, akatuusia kwa sauti ya mtu asiyezoea kubishiwa kwamba mpira wa zama hizi ni mpira wa miili, kwamba ufundi hufundishika lakini kimo hakifundishiki, na kwamba sisi watu wa mlimani, tukitaka vijana wetu nao waonekane, hatuna budi kuacha kumpelekea vitoto vyepesi na kumpelekea badala yake mapandikizi ya watu. Hadhira ikapiga makofi. Mimi sikupiga, na kwa kuwa pale uwanjani adabu ilinifunga mdomo, naomba nimjibu kwa wino.

Orodha ya waliochaguliwa iliposomwa, wa kwanza kutajwa alikuwa mvulana ambaye ndevu zimekwisha kumchipua kidevuni, na ambaye katika mchezo mzima kila alipougusa mpira uliruka ukaenda zake migombani. Aliyeachwa ni kijana mdogo wa darasa la saba, mwenye kiatu mguu mmoja na mguu wa pili mtupu, ambaye nilimwona kwa macho yangu ameukanyaga mpira kwa wayo wa ule mguu mtupu, korongo liko kisogoni pake, akimngoja yule mwenye ndevu aje kwa kishindo chake; akamwacha amwegemee kwa uzito wote aliojaaliwa, kisha akauburura mpira nyuma kiasi cha shibiri moja, si zaidi, na lile pandikizi likapita lilivyokuja, likaenda kupokewa na mibuni. Mzee mmoja aliyeketi karibu nami aliinama akaninong'oneza: “Mwalimu, hivi hawa wanatafuta wachezaji au wapagazi wa kupandisha wageni mlimani?” Sikuwa na jawabu, na mpaka leo sina.

Asiyevijua viwanja vyetu hawezi kuelewa ni hazina gani ile iliyoachwa. Kiwanja cha Kirua hakikusawazishwa. Kimechongwa ubavuni mwa mlima, lango moja liko juu na lingine liko chini, na mpira ukimponyoka mtu hausimami mpaka ufike mfongoni au korongoni, na sheria ya watoto, ambayo ni kali kuliko ya mwamuzi yeyote, ni kwamba aliyeupoteza ndiye aufuate. Mtoto aliyeshuka korongoni mara kadhaa kwa siku moja, akapanda tena anahema na miiba miguuni, hujifunza bila ya kuhubiriwa kuuweka mpira karibu na unyayo, kuupokea kwa upole, na kutazama nani anakuja kabla haujamfikia. Hiyo ni elimu ya miaka saba au minane, na inaanza kabla mtoto hajajua kusoma. Sasa mgeni wetu anaposema kwamba ufundi atautia yeye mwenyewe, ningependa kumuuliza atautia lini, na wapi, na kwa barobaro wa miaka kumi na minane ambaye tangu utotoni hakuwahi kulazimika kuutunza mpira, kwa sababu kila alipoupoteza aliwasukuma wenzake akaunyang'anya upya?

Lakini hoja yangu kubwa si hiyo. Hoja yangu kubwa, ambayo nitaikariri hata msomaji aichoke, ni kwamba huo mwili anaousifu kwa mtoto wa miaka kumi na mitatu si kipawa, si nguvu, wala si dalili ya kesho yake: ni tarehe ya kuzaliwa kwake. Wapo waliotangulia kuliona jambo hili, nao ni watu wa Kanada, ambako hoki ya barafu inapendwa kama ibada na watoto huchujwa wangali wachanga. Mwanasaikolojia Roger Barnsley alikuwa katika mji wa Lethbridge akitazama hoki ya vijana na mkewe, naye mkewe, akipitisha macho katika kijitabu chenye majina ya wachezaji, akamwonyesha kwamba wengi mno kati yao walizaliwa Januari, Februari na Machi. Mwaka 1985 Barnsley na wenziwe wakaichapisha habari hiyo, na sababu yake haikuhitaji mganga wala mnajimu: umri ulihesabiwa kuanzia 1 Januari, hivyo mtoto wa Januari alishindanishwa na mtoto wa Desemba kana kwamba ni marika, ilhali kati yao kuna karibu mwaka mzima wa kula na kukua, wateuzi wakauona ule mwaka wakauita kipaji. Shirikisho la kandanda la dunia nalo huhesabu umri wa vijana kuanzia 1 Januari. Wala hapo sijamtaja mtoto ambaye ubarobaro umemwahi tu, ambaye baada ya miaka mitatu wenzake watamfikia na kumpita, naye atabaki na kimo cha kawaida na miguu isiyojua kitu.

Na huko ni kwa watu wenye vyeti vya kweli. Kwetu sisi, ambako hati ya kiapo inaweza kumzaa mtu upya akiwa na ndevu, ukimwambia mteuzi achague kwa mwili umemwambia achague mwongo. Tumekwisha kuaibika kwa hilo mbele ya Afrika nzima: vijana wetu wa Serengeti Boys walifuzu kwenda Gambia katika fainali za walio chini ya miaka 17 za mwaka 2005, wakaondolewa kwa sababu ya umri wa mchezaji. Miaka kumi na miwili baadaye mambo yakageuka, Kongo Brazzaville ikaondolewa kwa shauri kama hilo hilo la umri, nasi tukaingia mahali pake kwenda Gabon 2017, ambako vijana wa mwalimu Bakari Shime walitoka sare na Mali na kuifunga Angola mabao 2 kwa 1. Tangu 2009 wakubwa wa kandanda duniani wanapima mifupa ya kifundo cha mkono kwa mashine ili wajue nani mtoto na nani baba wa watoto. Mashine hiyo ingekuwako siku ile Kirua, nina shaka kama orodha ya mgeni wetu ingefika wachezaji watano.

Mkulima yeyote wa kihamba angeweza kumfahamisha bure. Mbuni uliorefuka kuliko wenzake kwenye kitalu aghalabu ni ule uliopandwa kivulini, ukakimbilia jua, ukawa mrefu mwembamba usio na matawi ya kuzaa. Na hakuna mzee mwenye akili timamu anayeung'oa ule mfupi wenye majani mazito ili auache huo.

Sitaki kuwataja Messi na Maradona, maana wakitajwa tu watu husema hao ni miujiza na mjadala ukaishia hapo. Nitamtaja Martin St. Louis, mcheza hoki wa Kanada mwenye kimo cha mita 1.73, ambaye ligi kubwa ya Amerika Kaskazini, yenye desturi ya kugawana vijana kila mwaka kwa zamu, ilipita kwenye orodha zake bila hata timu moja kulisoma jina lake. Akaingia kwa mlango wa uani, timu ya kwanza ikamwacha, akahamia Tampa Bay, na mwaka 2004 akawa mwenye pointi nyingi kuliko wote katika ligi nzima, akachaguliwa mchezaji bora, na timu yake ikatwaa kombe la Stanley. Hao walioteuliwa kabla yake kwa ajili ya mabega yao, nani leo anawakumbuka? Na hapa nyumbani, Mrisho Ngassa, mtu wa mwili mwepesi kabisa, amewasumbua mabeki wa Afrika kwa miaka mingi, akavaa jezi za Yanga, Azam na Simba. Naona kama mgeni wetu angemkuta angali mtoto angemrudisha nyumbani akale kwanza.

Ugonjwa huu, tuseme kweli, haukuanzia uwanjani. Shuleni kiranja ni yule mrefu, harusini msimamizi ni yule mwenye kifua, na wakati wa uchaguzi nimesikia kwa masikio yangu mtu akisifiwa kwamba akisimama jukwaani “anajaa”. Anajaa nini, hawasemi. Hata jezi zinazoletwa kwa watoto wetu na wafadhili ni za watu wazima, zinawafika magotini, na mtoto akijikwaa kwa jezi huambiwa hana stamina.

Najua majibu wanayoyatunza. La kwanza, na ndilo wanalolipenda zaidi, ni mipira ya juu: mtoto mfupi atacheza kona vipi? Na wanamleta Mbwana Samatta kuwa shahidi, kwamba bao lake la Wembley la 1 Machi 2020, alipoichezea Aston Villa dhidi ya Manchester City, lilifungwa kwa kichwa. Ni kweli lilikuwa la kichwa. Lakini walioliangalia kwa makini wanajua kwamba mpira ule ulikuja chini, na Samatta alijitupa mbele kuuwahi. Ikiwa kimo ndicho kilichofunga bao lile, basi ni kimo cha mtu aliyelala. Kilichofunga ni kule kuijua njia ya mpira kabla beki hajaijua.

Nimemsikia mwingine akidai kwamba hata michezo ya vijiti inataka watu wakubwa, nikacheka peke yangu, kwa sababu hoki ya uwanjani ni mchezo ambao mpira hutambaa chini muda mwingi, na anayetaka kuuchota hana budi kuinama. Jirani zetu wa Kenya, kuanzia 1956 hadi 1972, hawakukosa michezo ya Olimpiki hata mmoja kwa hoki; wakashika nafasi ya 6 Tokyo mwaka 1964, na nafasi ya 4 katika Kombe la Dunia la kwanza kule Barcelona mwaka 1971, nahodha wao wa miaka hiyo akiwa Avtar Singh Sohal, na kilichowafikisha ni mikono iliyolelewa na kijiti tangu utotoni katika vilabu vya Wahindi na Wagoa wa Nairobi. Sisi tulikwenda Moscow mwaka 1980, mataifa mengi yaliposusia, Uhindi ikatufunga mabao 18 kwa bila. Sijapata kusikia Mtanzania yeyote akisema kwamba mabao yale 18 yalitokana na urefu wa Wahindi.

Ninalolitaka mimi ni dogo. Kabla ya mchujo wa mashindano ya shule za msingi mwakani, majina ya watoto yaandikwe pamoja na mwezi na mwaka wa kuzaliwa kama yalivyo katika cheti cha kliniki alichopewa mama, si katika kiapo. Waliozaliwa Januari hadi Juni wachujwe peke yao, na waliozaliwa Julai hadi Desemba peke yao, kisha idadi sawa itoke kila upande. Nilimweleza jambo hili mhusika mmoja wa michezo. Akanisikiliza kwa subira, akanisifu kwa kuwapenda vijana, akaniambia kwamba kwa bahati mbaya fungu la kazi hiyo halipo. Kazi yenyewe inahitaji daftari moja na mtu anayeijua miezi ya mwaka.