Kusamehe Si Kuficha Kosa

Ukiwasikiliza Wakristo wetu wanapozungumza habari za kusamehe, utasikia maneno ya namna mbili. Aliyekosewa husema, "Nitamsamehe siku atakayokuja kuniangukia miguuni." Naye anayemtuliza husema, "Yaache hayo, ndugu yangu. Yaliyopita si ndwele." Mimi naona kwamba wote wawili wamepotea njia.

Na tutazame yaliyompata Askofu Festo Kivengere wa Kigezi, nchini Uganda. Mwezi wa Februari mwaka wa 1977, yeye na maaskofu wenzake wa Kianglikana walimwandikia Rais Idi Amin barua, wakalalamika waziwazi juu ya mauaji na uonevu wa askari wake. Siku chache baadaye, tarehe 16, mkuu wao, Askofu Mkuu Janani Luwum, alikamatwa akauawa. Serikali ikatangaza kwamba amekufa katika ajali ya gari. Kivengere na mkewe walitoroka usiku, wakavuka milima kwa miguu mpaka Rwanda.

Huko ugenini moyo wake ulianza kujaa chuki. Mwenyewe alieleza baadaye jinsi alivyoketi kanisani mjini London siku ya Ijumaa Kuu, akawaza jinsi Yesu alivyowaombea msamaha wale waliomsulubisha. Akatambua kwamba hana ruhusa ya kumtoa Amin katika maombi hayo. Mwaka huo huo alitoa kitabu kwa Kiingereza ambacho jina lake, tukilitafsiri, ni "Nampenda Idi Amin". Jina hilo lingeweza kumchoma moyo mjane yeyote wa Uganda. Lakini ndani yake mauaji hayakufichwa.

Basi, ndugu msomaji, angalia utaratibu wake. Kwanza kosa lilitajwa, tena lilitajwa kwa mkosaji mwenyewe. Kisha msamaha ukatolewa bila kungoja kuombwa. Kama angalingoja, angalingoja mpaka kaburini, kwani Kivengere alifariki mwaka wa 1988, naye Amin akafa uhamishoni Saudi Arabia mwaka wa 2003 bila kuwaomba radhi wananchi aliowatesa.

Utaratibu huo umo katika Injili. Sote tunakumbuka Petro alivyoambiwa asamehe saba mara sabini. Lakini sura ile ile, ya 18 ya Mathayo, kabla ya kufika hapo, inamwagiza aliyekosewa amwendee ndugu yake na kumwonyesha kosa lake. Mbona mafundisho haya ya kwanza hayasikiki sana? Mke anayepigwa huambiwa asamehe, arudi nyumbani, anyamaze. Huko si kusamehe; ni kumsaidia mkosaji aendelee kukosa. Mtu anaweza kumsamehe mwizi wake na bado akasimama kortini kusema kweli.

Kusamehe ni kufuta deni, na deni halifutwi mpaka lijulikane ni kiasi gani. Anayelifuta hupata hasara kweli, wala tusimdanganye kwamba ni jambo jepesi. Lakini asiyelifuta humbeba mdeni wake mgongoni kila aendako, shambani na kitandani, hali mdeni mwenyewe huenda amelala usingizi.

Kwa hiyo tuwaache waliokosewa waseme yaliyowapata, tuwasikilize mpaka mwisho. Ndipo tutakapokuwa na haki ya kuwakumbusha Msalaba.