Kufuli Isiyovunjwa kwa Nyundo

Mkulima wa Tongaren akiuza magunia yake ya mahindi siku hizi, mara nyingi hapokei noti. Pesa huingia kwenye simu au benki, na karo ya mtoto hulipwa bila mtu kupanda matatu kwenda Kitale au Bungoma. Je, umewahi kujiuliza ni nini kinachomzuia mwizi asizidake njiani?

Ni hesabu. Habari zinazosafirishwa hugeuzwa kuwa mafumbo, na mwenye ufunguo pekee ndiye anayeweza kuyafumbua. Zamani mtumaji na mpokeaji walihitaji ufunguo mmoja wa siri. Lakini utampelekeaje mwenzako ufunguo huo usiibwe njiani?

Miongoni mwa waliolitatua swali hilo ni Ronald Rivest, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1947. Alisomea hesabu Yale, akapata shahada ya udaktari Stanford mwaka 1974, kisha akawa mwalimu katika chuo cha MIT. Huko aliungana na Adi Shamir na Leonard Adleman. Rivest na Shamir walibuni kufuli, Adleman akazivunja moja baada ya nyingine. Hatimaye, usiku mmoja wa Aprili 1977, Rivest alipata ile iliyomshinda Adleman.

Siri yake ni nambari tasa, yaani zile zisizogawika ila kwa 1 na kwa zenyewe. Kuzidisha 89 kwa 97 upate 8633 ni kazi ya dakika moja. Lakini ukipewa 8633 tu, uambiwe utafute nambari tasa mbili zilizoizaa, utatoka jasho! Basi nambari kubwa hutangazwa kwa wote ili wafungie ujumbe, na zile mbili ndogo hubaki siri ya mwenye kufungua.

Mwaka huo wa 1977 watatu hao waliwapa walimwengu changamoto: nambari yenye tarakimu 129, na zawadi ya dola 100. Ilifumbuliwa mwaka 1994, na watu wapatao 600 waliounganisha nguvu za kompyuta zao. Tangu hapo nambari zimerefushwa, na nyingi zinazotumika leo zina tarakimu zaidi ya 600.

Rivest hakukaa kitako. Mwaka 1990 yeye na wenzake walitoa kitabu cha kanuni za kukokotoa kwa kompyuta, kinachosomwa vyuoni kote duniani. Mwaka 1991 alibuni MD5, chombo cha kugundua kama habari imechezewa. Mwaka 2004 watafiti wa China walionyesha udhaifu wake. Katika fani hii, kazi ambayo haijajaribiwa kuvunjwa haiaminiki. Mwaka 2002 watatu hao walipewa Tuzo ya Turing, heshima kuu ya sayansi ya kompyuta.

Sasa, mzazi, jambo moja ulishike. Mwizi wa leo mara nyingi hapotezi muda kuvunja kufuli hiyo. Hukupigia simu kwa sauti ya upole, akakuomba nambari yako ya siri. Ukimpa, hesabu zote za akina Rivest hazitakuokoa. Nambari hiyo usimpe mtu, hata akidai ni wa benki.

Nawe mwanafunzi unayeuliza hesabu zina faida gani, jioni ya leo weka kikokotoo kando. Ni nambari tasa zipi mbili zinazozaa 5183?