Desemba Hii Turudi Marangu na Majembe

Ndugu zangu wa Marangu, mlioko nyumbani kihambani na mlioko Dar es Salaam, Arusha, Mwanza na ng'ambo, Desemba inakaribia. Tutarudi kama ilivyo desturi yetu: tutachinja, tutakunywa mbege, tutawasalimu wazee na kubatiza watoto, kisha mwaka mpya ukiingia tutafunga milango na kuwaachia wazee mlima wao. Ombi langu ni kwamba safari hii mtu asiondoke kabla ya kutoa siku moja ya msaragambo, kazi yetu ya pamoja, kwenye mifongo (mifereji yetu ya jadi), makorongo na chemchemi zetu. Siombi hivyo kwa ajili ya kuenzi mila peke yake, ingawa mila hiyo inastahili. Maji ndiyo yanayoifanya Marangu ikalike, na mengi yanayoyahatarisha maji hayo yamo ndani ya uwezo wetu kuyazuia.

Tumezoea kupima afya ya Mlima Kilimanjaro kwa kutazama kileleni. Barafu ya Kibo imepungua kwa zaidi ya asilimia 80 tangu 1912, na kila tukiona mabaka meusi yakitanda pale juu tunasema basi, maji yamekwisha. Huzuni hiyo ni ya haki, lakini inatupotosha. Wataalamu waliochunguza barafu hiyo wameonyesha kuwa sehemu kubwa yake hugeuka mvuke na kupotelea hewani pasipo kuwa maji kwanza, na kwamba mchango wake katika mito yetu ni mdogo. Kinachotunywesha ni msitu. Upande huu wa kusini mvua hunyesha kwa wingi zaidi katikati ya msitu, kwenye mwinuko wa kama mita 2,200, na juu ya hapo miti yenye ndevu za kijivu hunasa ukungu, matone yakadondoka, yakazama ardhini, yakaibuka huku kwetu kama chemchemi. Miti hiyo ikiungua, ukungu hupita tu. Mwaka 2016 Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira lilieleza kuwa mlima ulikuwa umepoteza hekta zipatazo 13,000 za msitu tangu 1976, hasa kwa moto. Ukaja moto wa Oktoba 2020, uliounguza zaidi ya kilomita za mraba 90, na mwingine Oktoba 2022. Joto na ukame hukausha majani yakawa kama kiberiti, lakini cheche kwa kawaida hutoka mkononi mwa binadamu: mrina asali, mpika chakula, mvuta sigara. Tunaomboleza barafu, ambayo hakuna kijiji kinachoweza kuirudisha, huku tukiupa kisogo msitu na vijito, ambavyo kijiji kinaweza kuvilinda.

Chini ya geti la hifadhi lawama ni yetu wenyewe. Tumepanda mikaratusi kandokando ya chemchemi kwa sababu hukua upesi na kuuzika, ilhali Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli ndani ya mita 60 kutoka chanzo cha maji. Tumekata miringaringa na migomba kihambani ili kupata nafasi ya nyumba ambazo nyingine hufunguliwa wiki tatu tu kwa mwaka. Mifongo iliyochimbwa na mababu kwa mikono, ikapita kwenye miteremko kwa ustadi wa kustaajabisha, imezibwa na udongo na chupa za plastiki. Hasara haiishii kwenye kahawa na ndizi. Kile kivuli, ule ubaridi, zile njia za miguu kati ya vihamba na vidimbwi ambamo watoto huogelea ndivyo vinavyomfanya kijana atamani kubaki na mzee aishi kwa raha. Maporomoko ya Kinukamori na Kilasia, ambayo wageni hulipa kuyaona, hayana uzuri wowote pasipo maji.

Nazisikia hoja za kupinga. Wapo wasemao kwamba joto la dunia limeletwa na viwanda vya mataifa makubwa, kwa hiyo walioharibu ndio watengeneze. Ni kweli kwamba deni ni lao, na lazima tuendelee kuwadai. Lakini hakuna mkutano wa kimataifa utakaokuja kuzibua mfongo. Wengine husema msitu ni wa KINAPA, mamlaka ya Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro, na tangu mpaka wa hifadhi uliposogezwa mwaka 2005 ukaumeza ule ukanda wa msitu wa nusu maili, akina mama waliokata majani na kuokota kuni humo wamekuwa wakihesabiwa kama wahalifu. Hoja hii ina uzito kuliko zote, na mimi naikubali: mtu aliyefukuzwa msituni hana haraka ya kuuzima moto wake. Ndiyo maana vijiji viende mezani kwa pamoja kudai makubaliano ya wazi: sisi tutoe vikosi vya kuwahi moto, nao KINAPA waturejeshee ruhusa yenye mipaka ya majani na kuni kavu. Kijiji ambacho mifongo yake inatiririka na chemchemi zake zina uzio wa masale kitasikilizwa zaidi kuliko kile chenye malalamiko matupu.

Ugumu uliobaki ni nguvu kazi, maana vijana wametawanyika. Zamani aliyekosa kazi ya mfongo alitozwa faini, na hakuna aliyeona kuwa ameonewa. Desemba ndiyo wakati pekee tunapokuwa wengi, basi tuitumie kwa kazi nzito: kuzibua mifongo, kung'oa mikaratusi kwenye chemchemi, kupima zile mita 60 na kuchimba mashimo. Miche ipandwe masika, kuanzia Machi, na watakaokuwepo nyumbani, kwa michango ya sisi tutakaokuwa tumeondoka. Kila ukoo umchague mtu wa kuikagua hadi Desemba nyingine.

Napendekeza tarehe 28, asubuhi na mapema, kabla ya jua kuwa kali. Wazee watuonyeshe mifongo inapopita, maana wengi wetu tumesahau. Njooni na majembe, mapanga na watoto wenu.