Historia ya Talai yastahili jukwaa

Mwanafunzi wa Kericho au Bomet aweza kuitaja tarehe ya Vita vya Maji Maji bila kusita. Mwulize kwa nini ukoo wa Talai uling'olewa kwao, huenda akanyamaza. Kosa si lake. Tarehe hukaririwa usiku wa mtihani na kusahauliwa kesho yake. Hudumu kile ambacho mtu amekitenda au kukishuhudia.

Ebrahim Hussein alilitambua hilo. Tamthilia yake, Kinjeketile, iliyochapishwa mwaka 1969, haikumsimamisha kiongozi wa Maji Maji kama sanamu ya shaba. Ilimwonyesha mtu mwenye shaka, aliyeshindwa kuidhibiti imani aliyoiwasha mwenyewe.

Nasi tunacho kisa chetu. Mwaka 1905, wakati Maji Maji ikianza Tanganyika, Koitalel arap Samoei aliuawa Nandi na Meinertzhagen. Nduguye, Kipchomber arap Koilegen, orkoiyot wa Wakipsigis, alikamatwa na kuhamishwa mwaka 1914. Hatimaye, mwaka 1934, serikali ya kikoloni ilitunga sheria mahsusi ya kuwaondoa Talai. Mamia yao, wazee kwa watoto, walipelekwa Gwassi, kando ya Ziwa Victoria, wakakaa huko hadi uhuru ulipokaribia. Mwaka 2021 wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliihoji Uingereza kuhusu dhuluma hiyo na kuhusu ardhi ya Wakipsigis iliyogeuzwa mashamba ya majani chai.

Kisa hiki kiigizwe vipi? Yafaa mwalimu asianze na bunduki, bali aanze na sheria yenyewe. Awepo ofisa anayeisoma, mkalimani anayeitafsiri, chifu anayedaiwa majina, na jirani anayechungulia huku amefunga mlango. Mwanafunzi atakayecheza mkalimani hataweza kukwepa swali: je, ningekuwa mimi, ningesema nini? Hapo ndipo historia ya siasa inapoacha kuwa orodha ya mashujaa na wasaliti, ikawa somo la uamuzi. Kadhalika, palipo na ubunifu hadhira iambiwe, ili dhana isichukuliwe kuwa ushahidi.

Wapo watakaodai kwamba michezo ya namna hii itachochea chuki. Hofu hiyo si ya kupuuzwa, kwani nchi hii ya majani chai ilishuhudia umwagaji damu mwaka 1992 na tena 2008. Lakini chuki hunawiri katika minong'ono, ambako hakuna anayeulizwa ushahidi. Jukwaani kila dai husikika, hupingwa na kupimwa. Kuzima igizo hakuzimi swali lake: mwaka 2025 wasichana wa Butere walizuiwa, mahakama ikawaruhusu, na polisi wakarusha gesi ya kutoa machozi Nakuru. Nchi nzima ikataka kujua walichotaka kusema.

Walimu, wazee waliozaliwa Gwassi wangali miongoni mwetu, ila wanapungua. Waalikeni shuleni, wanafunzi wawasikilize kwanza, kisha waandike na kuigiza. Mzee akishazikwa, hakuna mtaala utakaomfufua.