Mraibu Hatibiwi na Jengo

Tunapodai huduma za afya, aghalabu tunadai majengo. Twahesabu wodi, vitanda na mabati, na siku ya uzinduzi twapiga vigelegele. Lakini kwa mraibu wa pombe au wa dawa za kulevya, jengo ni sehemu ndogo ya tiba. Tiba yake ni watu, na watu ndio wasiotosha.

Tuchukue mfano wa Kabatoro, katika mji wa Katwe-Kabatoro wilayani Kasese. Riziki ya hapo hutoka katika chumvi ya Ziwa Katwe na samaki wa Ziwa Edward. Mchimba chumvi hushinda ndani ya maji makali yanayochubua ngozi na kutonesha kila jeraha. Si ajabu mtu wa kazi kama hiyo akitafuta nafuu katika enguli, wala si ajabu nafuu hiyo ikigeuka kifungo.

Akiamua kuacha, anangojwa na nini? Mwili uliozoea pombe kwa miaka mingi, ukinyimwa ghafla, waweza kushikwa na degedege katika siku mbili za mwanzo. Kisha huweza kufuata kuweweseka ambako kusipotibiwa huua. Siku hizo zahitaji muuguzi wa mchana na wa usiku, wote wakijua kupima na kutoa dawa kwa wakati. Zikipita, huanza kazi iliyo ndefu zaidi: mazungumzo ya majuma na miezi pamoja na mshauri nasaha, mashauri kwa familia, na kumfuata mgonjwa hadi nyumbani. Mazungumzo hayo yafaa yawe katika lugha ya moyo wake, ambayo kwa wengi wa Kasese ni Lukonzo.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Muuguzi akiwa peke yake, mgonjwa husafishwa mwili tu, kisha hurejeshwa kijiweni alikotoka. Akirudia pombe, twasema hana nia. Ukweli ni kwamba alipewa nusu ya tiba, akalaumiwa kwa nusu aliyonyimwa.

Sheria haina upungufu huo. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 yaiagiza serikali kuchukua hatua zote ziwezekanazo ili wananchi wapate huduma za msingi za tiba. Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2018 yautaja uraibu miongoni mwa maradhi ya akili. Mwaka 2019 pombe ya paketi ndogo ikapigwa marufuku. Hatua hizo ni njema, lakini marufuku haiketi kitandani na mgonjwa usiku wa manane. Hospitali ya Taifa ya Butabika, yenye kitengo cha waraibu, iko Kampala, safari ya mamia ya kilomita kutoka Kabatoro. Ni familia ngapi za wachimba chumvi zitakazomudu nauli, achilia mbali kumtembelea mgonjwa?

Wapo wasemao kwamba mlevi alijitakia, basi fedha chache zilizopo ziende kwa watoto na wajawazito. Hoja hiyo yasahau kwamba mlevi ana watoto na mke, na kwamba ada ya shule na fedha za kliniki hunywewa kabla hazijafika nyumbani. Kumtibu yeye ni kuwatunza hao pia.

Basi tufanyeje? Tangu mwaka 2009 Uganda imekuwa na mikutano ya wananchi na watendaji wa serikali, nayo ikapewa jina la Kiswahili: baraza. Neno ni letu, tulitumie. Unapohudhuria, usiulize tu jengo litakamilika lini. Uliza: nafasi ngapi za wauguzi na maafisa tabibu wa afya ya akili zimeidhinishwa katika wilaya? Ngapi zimejazwa? Zilizo wazi, Tume ya Utumishi ya Wilaya itazitangaza lini? Na vijana wetu wanaojua Lukonzo, nani anawafadhili kusomea kazi hii, na watapewa nyumba gani ili wasihamie mjini?

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Uraibu tumeuficha vya kutosha majumbani mwetu. Sasa tuutaje barazani, na majibu tuyadai kwa idadi ya watu walioajiriwa.