Mzabibu Kwanza, Kitanda Baadaye

Dodoma ni moja ya sehemu chache duniani ambako mzabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka. Mavuno ya kwanza huja mvua zinapokaribia kwisha, na ya pili huja katika kiangazi, mwezi wa Agosti na wa Septemba. Zao hili lililetwa na wamisionari wa Kanisa Katoliki wa Bihawana, wananchi wakalipokea, na leo huko Hombolo, Mpunguzi na Makutupora ziko familia zilizosomesha watoto kwa zabibu.

Hata hivyo, yatupasa kujiuliza: kati ya yule apandaye mzabibu na yule auzaye chupa, ni nani anayenufaika zaidi? Jibu lake halihitaji mtaalamu. Zabibu iliyoiva haisubiri. Ikishakatwa, joto la Dodoma huiharibu kwa siku chache tu. Mnunuzi anajua hivyo, na mkulima anajua kwamba mnunuzi anajua. Bei hupangwa papo hapo, na hupangwa na yule asiye na haraka. Kilo moja na ziada kidogo hutosha kutoa mchuzi wa kujaza chupa ya robo tatu ya lita. Mwenye kutaka kuliona pengo, na ailinganishe bei ya kilo hiyo shambani na bei ya chupa hiyo hotelini.

Kwa miaka mingi dawa ya tatizo hili tumeitafuta katika kiwanda kikubwa. Viwanda vikubwa vina kazi yake, wala hapana anayeviombea kufa. Lakini Kampuni ya Mvinyo ya Dodoma, DOWICO, iliyokuwa mali ya umma, ilipozorota, wakulima waliokuwa wakiitegemea walipoteza soko. Mkulima mwenye mlango mmoja tu wa kutokea, mlango huo ukifungwa, amefungiwa ndani.

Iko njia nyingine, nayo ni kiwanda kidogo cha familia. Familia yenye eka chache hukamua zabibu zake yenyewe, huuhifadhi mchuzi katika matangi madogo, hutia mvinyo wake chupani, na huwa na vyumba vichache vya wageni kando ya shamba. Mgeni hulala, hula chakula cha nyumbani, hutembezwa kati ya mizabibu, na huondoka na chupa mkononi. Chupa hiyo haikupitia kwa mchuuzi yeyote.

Huko Italia utaratibu huu umewekewa sheria. Sheria Namba 730 ya tarehe 5 Desemba, 1985, ilimruhusu mkulima kupokea wageni shambani kwake kwa sharti moja zito, kwamba kilimo kibaki kuwa kazi yake kuu na upokeaji wa wageni uwe nyongeza. Sheria iliyochukua nafasi yake mwaka 2006 haikulitupa sharti hilo. Waitalia walitambua kwamba bila ya sharti, mwenye fedha angenunua shamba, akajenga hoteli, kisha akaacha mizabibu mitatu mlangoni iwe pambo.

Je, kilimo hai kinawezekana Dodoma? Kinawezekana, tena hali ya hewa ni msaidizi. Adui wakubwa wa mzabibu ni magonjwa ya ukungu, kama vile ubwiriunga, na baadhi ya magonjwa hayo hustawi penye unyevu. Dodoma kwa wastani haipati milimita 600 za mvua kwa mwaka, na zabibu za kiangazi huiva katika hewa kavu. Kilimo hai huruhusu salfa na mrututu kwa kipimo, na mfugaji wa Kigogo hakosi samadi. Tangu mwaka 2007 Afrika Mashariki ina kiwango chake cha mazao ya kilimo hai, pamoja na alama ya Kilimohai. Wakulima wadogo waweza kuipata alama hiyo kwa utaratibu wa kukaguana wao kwa wao katika kikundi, badala ya kila mmoja kulipia mkaguzi wa mbali.

Wapo watakaosema kwamba tunahimiza ulevi. Hoja hiyo isibezwe. Lakini zabibu zile zile hutoa pia juisi na zabibu kavu, na familia isiyotaka mvinyo yaweza kumkaribisha mgeni kwa hizo. Wengine watahofia pombe isiyo salama. Hao nao wana haki, na dawa yake ni kupimwa na Shirika la Viwango. Kumfukuza mzalishaji mdogo hakuiondoi pombe mbaya; huificha uchochoroni.

Tuseme sasa lile linalotuhusu sisi wenyewe. Uamuzi wa mwaka 1973 wa kuhamishia Makao Makuu Dodoma ulipata kasi baada ya tangazo la mwaka 2016, na mwaka 2018 ukawekewa sheria. Jiji la Dodoma lilikuwa na watu 410,956 katika sensa ya mwaka 2012. Mwaka 2022 lilikuwa na watu 765,179. Watu hao wanahitaji viwanja, na kiwanja hutoka shambani. Anayekinunua mara nyingi ni mtumishi wa umma, naye hana kosa kutaka nyumba. Lakini mkulima anayeuza zabibu kwa bei ya kutupa hana sababu ya kulikataa bunda la noti. Na mzabibu uliong'olewa haurudi kwa msimu mmoja.

Kwa hiyo hapana budi kumpa mkulima sababu ya kukataa. Wapimaji na wapangaji wa mji waitenge ardhi ya mizabibu katika ramani, na waiheshimu. Maofisa wa leseni wasimdai mwenye vyumba vitatu masharti ya hoteli ya ghorofa kumi. SIDO, iliyoundwa mwaka 1973 kuhudumia viwanda vidogo, isaidie upatikanaji wa mashine za kukamulia na matangi ya kiasi cha familia. Sheria ya ushuru imekwisha kuutenga mvinyo ambao zaidi ya asilimia 75 ya zabibu zake ni za hapa nchini, ikautoza ushuru mdogo kuliko wa kigeni. Nafuu hiyo haina budi kumfikia mzalishaji wa lita mia tano kama inavyomfikia wa lita laki tano. Na katika kila kibali cha vyumba vya wageni shambani liandikwe sharti la Waitalia, kwamba mzabibu ni kwanza na kitanda ni baadaye.

Walimu nao wana sehemu yao. Mwalimu wa kemia anayefundisha jinsi hamira igeuzavyo sukari kuwa alkoholi ana mfano hai kijijini kwake, na mtoto wa mkulima anayeuelewa mfano huo ataweza kesho kuyalinda matangi ya baba yake yasigeuke siki.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Dodoma imepata wageni wengi, na wengi wao ni sisi. Mwenyeji wetu atapona iwapo tutanunua jasho lake kwa bei ya haki, na kumwachia ardhi ya kulitolea jasho hilo.