Mtoto wa Maskini Si Jukwaa la Siasa



Jumapili moja ya mwezi wa Januari, ibada ilipokwisha, tulikusanyika katika uwanja wa kanisa letu ili kumchangia binti wa kata yetu aliyekuwa ameitwa kujiunga na shule ya upili ya bweni. Jina lake hatulitaji, kwa kuwa siku ile lilitajwa kupita kiasi. Babake alikwisha kufariki. Mamake hupalilia mashamba ya watu kwa ujira wa siku. Barua ya shule ilikuwa imekunjwa na kukunjuliwa na kamati ya maandalizi hata ikachanika penye mikunjo: karo, sare, sanduku la bati, godoro, blanketi mbili, ndoo, viatu vyeusi, kamusi, Biblia.

Ibada ilikwisha saa tano. Mgeni wa heshima aliwasili saa tisa. Kwa muda wa saa nne binti yule aliketi kiti cha mbele, amevaa sare ya shule ya msingi iliyokwisha kumbana mabegani, ili wafadhili wapate kumwona. Ni sisi tuliomketisha pale. Twalisema jambo hili mapema ili pasiwe na msomaji atakayedhani kwamba tunawashutumu wengine huku sisi tukijitakasa.

Mheshimiwa alihutubu kwa muda wa saa nzima kasorobo. Juu ya elimu alisema machache. Juu ya wapinzani wake alisema mengi. Kisha akatoa shilingi 20,000, noti baada ya noti, huku mpiga picha wake akizunguka. Akatoa pia hundi ya shilingi 50,000 aliyosema imetoka kwa marafiki zake, na wale aliofuatana nao wakaahidi shilingi 20,000 nyingine. Akina mama wa kanisa, vijana wa kwaya, waendesha bodaboda wa sokoni na mzee mmoja aliyeleta jogoo akanadiwa mara tatu, wote kwa jumla walitoa shilingi 28,300. Ikatangazwa kwa kipaza sauti kwamba zimepatikana shilingi 118,300. Watu wakapiga vigelegele, mama mtu akalia kwa furaha.

Hundi ilirudishwa na benki baada ya siku kumi. Ahadi hazikulipwa hata moja. Zikabaki shilingi 48,300 taslimu. Lakini mgeni wa heshima hapokewi mikono mitupu: palikuwa na hema la kukodi, mitambo ya sauti, viti vya kifahari, mbuzi wawili, mchele na soda za msafara wake wote. Gharama hizo zilikuwa shilingi 17,500, nazo zililipwa kutoka katika fedha za mtoto. Aliyokabidhiwa mama yake ni shilingi 30,800. Sasa msomaji na apige hesabu mwenyewe. Lau mheshimiwa asingekanyaga uwanjani petu, tungalikuwa na zile 28,300 za wananchi. Kwa hiyo, baada ya kelele zote, mchango wake halisi ulikuwa shilingi 2,500. Kwa fedha hizo alinunua saa nne za muda wa kanisa, hotuba ya kisiasa isiyo na mjibu, na shukrani za kata nzima.

Binti alikwenda shule. Muhula wa pili alirudishwa nyumbani mara mbili kwa ajili ya karo, na mara zote mbili mamake alielekezwa kwa mheshimiwa, kwa kuwa watu waliamini kwamba mtoto yule amekwisha kusomeshwa.

Harambee haikuanza hivi. Jomo Kenyatta alipoitangaza kuwa wito wa taifa mwaka wa 1963, alichukua neno lililokuwa midomoni mwa wachukuzi na wavuta kamba, watu wanaotia nguvu pamoja kwa wakati mmoja. Hata kabla ya hapo wananchi walikuwa wamekwisha kujijengea shule zao wenyewe bila kumsubiri mtu. Shule huru za Wakikuyu zilijengwa na wazazi waliokataa kutegemea misheni, na mkoloni alipotaka kuwanyamazisha katika hali ya hatari ya 1952 alizifunga. Mnamo Septemba 1959 wanafunzi 81 walipopanda ndege kwenda Marekani kwa juhudi za Tom Mboya na wenzake, wengi wao walikuwa wamechangiwa katika karamu za chai na vikao vya ukoo; mtu alitoa yai, mtu alitoa debe la mahindi. Baada ya uhuru shule za harambee zikaenea hata zikazidi kwa wingi shule za upili zilizosaidiwa na Serikali. Nyingi zilikuwa za udongo na mabati, na walimu wake hawakuhitimu, hilo hatulifichi. Lakini hapakuwa na aliyeulizwa na mtoto wake, "Baba, nimshukuru nani?"

Basi ni wapi tulipopotea? Wasomaji wetu wenye umri watakumbuka. Katika miaka ya chama kimoja, chifu alitembea na kitabu cha risiti. Mwalimu alikatwa mshahara bila kuulizwa. Mama aliyefika ofisini kutafuta barua ya kitambulisho aliulizwa kwanza risiti ya harambee. Asiyekuwa nayo alirudi bila barua, na pengine kuku wake walichukuliwa. Huku chini mchango uligeuka kodi, na huko juu ukageuka ngazi ya kupandia vyeo, maana gazeti la kesho yake liliandika nani ametoa ngapi. Wakati huo huo, chini ya sera ya mwaka wa 1988 ya kugawana gharama, mzazi alitwikwa mzigo mkubwa zaidi wa elimu. Mwananchi akatozwa karo mlangoni mwa shule, akatozwa harambee mlangoni mwa chifu, kisha akatakiwa kumpigia makofi mtu aliyerudisha sehemu ndogo ya kile kilichochotwa katika hazina yake mwenyewe.

Tulipodai kuondolewa kwa kifungu cha 2A, kikaondolewa Desemba 1991, wengi wetu tulidhani kwamba vyama vikiwa vingi, ushindani ungalizaa huduma. Tulichokiona katika kampeni za 1992 ni mafuriko ya noti, hata noti ya shilingi 500 ikabandikwa jina la mwanasiasa. Vyama vilikuwa vingi, lakini bahasha ilikuwa ile ile. Twakiri tulikosea kudhani kwamba kura pekee ingemponya mpiga kura aliyekwisha kuzoeshwa kuomba.

Si kwamba hakuna sheria. Sheria ya Maadili ya Maafisa wa Umma ya 2003 ilimkataza afisa wa umma kutumia cheo chake kuwashurutisha watu kuchanga. Mwaka huo huo jopo lililoongozwa na Koigi wa Wamwere lilichunguza harambee zilivyogeuzwa chombo cha siasa. Katiba ya 2010, Kifungu cha 53, inasema kila mtoto ana haki ya elimu ya msingi ya lazima isiyolipiwa, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inaihesabu shule ya upili kuwa sehemu ya elimu hiyo. Tarehe 5 Julai 2024, vijana walipokuwa wamejaa barabarani, Rais alitangaza kwamba maafisa wa Serikali wasishiriki tena katika harambee. Novemba ya mwaka ule ule alikuwa kanisani Soweto, Kayole, akitoa mamia ya maelfu na kuahidi mamilioni.

Karo nayo ina hesabu yake. Tangu 2008 Serikali ilianza kulipia masomo katika shule za upili za kutwa, na kiasi kilichowekwa tangu 2018 kilikuwa shilingi 22,244 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka. Julai 2025 Waziri wa Fedha alikiri mbele ya wabunge kwamba kiasi hicho hakilipwi kikamilifu. Mwalimu mkuu asipopata fungu lake humgeukia mzazi. Mzazi asiyekuwa nalo humgeukia mbunge, ambaye ameketi katika Bunge lile lile linalopitisha bajeti. Fungu lililopunguzwa Nairobi kimyakimya hurudi kijijini kwa kishindo, limevaa jina la mheshimiwa. Tena kuna basari za maeneo bunge, zilizokuja na hazina iliyoanzishwa 2003. Hizo ni fedha za kodi, wala hazikutoka mfukoni mwa mtu. Hata hivyo hundi zake hugawiwa hadharani kama sadaka, na mzazi hupanga foleni kutwa nzima ili apewe shilingi elfu chache, apigwe picha.

Tunajua tutakavyojibiwa. Tutaambiwa: "Ninyi mna kanuni, lakini mtoto ana njaa ya elimu leo, je, akae nyumbani mpaka Katiba itekelezwe?" Swali hili ni zito, na mwenye kulidharau hajawahi kulala na barua ya shule chini ya mto. Jibu letu ni kwamba achangiwe, tena achangiwe leo. Hatujasema harambee ife. Tunasema arudishiwe mwenyewe aliyeianzisha. Hesabu ya uwanja wetu imeonyesha kwamba wanaosomesha ni wale wa shilingi mia na shilingi hamsini. Mwanasiasa huja kutia sahihi juu ya kazi yao.

Kwa kanisa tunalo neno, nalo tunalisema kama waumini. Viongozi wa dini walipaza sauti enzi ambazo wengine walinyamaza. Mnamo Machi 1992 maaskofu Wakatoliki waliandika barua ya kichungaji ambayo utawala haukuifurahia. Sauti hiyo haiwezi kusikika ikiwa mimbari imekwisha kukodishwa. Padri au mchungaji aliyeezekewa paa na mheshimiwa atamkemeaje Jumapili ifuatayo? Jimbo Kuu la Nairobi liliporudisha zile fedha za Soweto mwezi huo huo wa Novemba, wapo walioona ni kiburi. Sisi tuliona ni mwanzo, ingawa tunajua kwamba huko vijijini yapo makanisa mengi ambayo bado yanaandika barua za mwaliko.

Katika kata yetu tumeamua hivi, na tunawaomba wenzetu wa kata nyingine wafikirie. Hapatakuwa na mgeni wa heshima. Mwanasiasa akitaka kuchanga, aweke katika kikapu kama muumini mwingine, bila kipaza sauti. Mtoto anayechangiwa hataketishwa mbele ya watu. Kamati inamjua, yatosha. Ahadi hazitatangazwa wala kuhesabiwa, ila fedha zilizofika mkononi. Hakuna kupika wala kukodi hema, tuna mwembe. Fedha zitapelekwa moja kwa moja katika akaunti ya shule, na mweka hazina atabandika risiti kwenye mlango wa kanisa ili hata asiyetoa kitu aisome.

La pili lina jasho zaidi. Kamati haitakoma kuchanga tu, bali itadai. Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 vinampa raia haki ya kuomba rekodi za umma. Tumekwisha kuandika barua kuomba orodha ya waliopewa basari katika kata yetu kwa miaka mitatu: nani, shule gani, kiasi gani. Karani aliyeipokea alituuliza tumetumwa na chama gani. Tulimjibu kwamba tumetumwa na barua ya shule. Siku zilizowekwa na sheria zikipita bila jibu, barua ya pili itapelekwa kwa Tume ya Haki ya Utawala, na nakala yake itasomwa kanisani pamoja na matangazo ya ndoa.

Binti yule sasa yuko kidato cha tatu. Karo ya muhula huu imelipwa na watu arobaini na wawili, ambao hakuna hata mmoja aliyetoa zaidi ya shilingi 1,000. Bado zinapungua shilingi 6,200, na viatu vyake vimetoboka. Kamati hukutana kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, saa nane, chini ya mwembe. Atakayekuja aje na alicho nacho, na kama amewahi kukataliwa basari, aje na barua aliyoandikiwa.